Kumjengea Mtoto Ustahimilivu kwa Ngano na Kazi za Pamoja: Mwongozo kwa Wazazi, Walezi na Walimu wa Awali

Maswali wanayouliza wazazi na walimu kuhusu jambo hili hujirudia: nianze na ngano ipi, mtoto wa umri gani anaweza kuifuata, je, zimwi halitamzidishia hofu, na nifanyeje ikiwa mimi mwenyewe sijui kusimulia. Mwongozo huu umeandikwa ili majibu yapatikane mahali pamoja, na umekusudiwa kwa yeyote anayekaa na mtoto wa miaka 3 hadi 10, awe mzazi, bibi, babu, shangazi, dada mkubwa au mwalimu wa darasa la awali.

Ustahimilivu unaozungumziwa hapa ni uwezo wa mtoto kuyumbishwa na shida, akaumia kama anavyoumia mtu yeyote, kisha akarudi kucheza, kujifunza na kuwaamini watu. Kutolia si ustahimilivu. Mtoto aliyezoezwa kunyamaza anapoumia amejifunza kuficha maumivu yake, na maumivu yaliyofichwa hutafuta njia nyingine ya kutokea.

Nadharia inayohitajika ni kidogo. Mwanasaikolojia Emmy Werner na wenzake waliwafuatilia watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 katika kisiwa cha Kauai, Hawaii, hadi walipokuwa watu wazima. Miongoni mwa wale waliokulia katika shida nyingi kwa pamoja, takriban mmoja kati ya watatu alikua mtu wa kujimudu na wa kutegemewa. Mambo mawili yaliyoonekana katika maisha ya watoto hao yanatuhusu moja kwa moja: walikuwa na uhusiano wa karibu na angalau mtu mzima mmoja aliyetulia, ambaye hakuwa lazima awe mzazi, na wengi wao walikuwa na kazi za nyumbani ambazo wengine waliwategemea wazifanye. Ngano inayosimuliwa na mtu yule yule, kwenye mkeka ule ule, humpa mtoto la kwanza; kazi ya mikono inayofanywa kwa pamoja humpa la pili.

Kabla ya kuingia kwenye hatua, kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike kuliko yote. Wengi wetu tulisimuliwa ngano shuleni, na mwisho wake tukaulizwa, "Hadithi hii inatufundisha nini?" Kwa sababu hiyo tumezoea kudhani kwamba faida ya ngano imo katika sentensi ya mwisho. Kwa ustahimilivu, faida imo katikati, pale mhusika alipokwama na bado hajui atatokaje. Hatua zote zinazofuata zimepangwa kulizunguka jambo hilo.

Mahitaji

Andaa haya kabla ya siku ya kwanza:

- Muda usiobadilika, wa dakika 20 hadi 30, mara mbili au tatu kwa wiki. Ni afadhali mara mbili za uhakika kuliko kila siku kwa wiki moja, kisha kimya. Mtoto aliyepitia misukosuko hupata utulivu kwa kujua kwamba jambo fulani litatokea siku fulani, na likatokea kweli.
- Mahali pamoja: mkeka barazani, kitanda cha mtoto, kivuli cha mwembe wa shule. Televisheni izimwe na simu iwekwe mbali, ikiwemo yako.
- Ngano tatu unazozifahamu vizuri. Tatu zinatosha kwa miezi kadhaa.
- Kikapu cha vifaa: matambara, soksi iliyopoteza mwenzake, makopo matupu, vifuu vya nazi, uzi, karatasi zilizoandikwa upande mmoja, kalamu za rangi au kipande cha mkaa, maharage makavu, na mbegu za mchicha.
- Wewe mwenyewe uwe umetulia. Ukiwa umetoka kugombana na mtu au una hasira, ahirisha kwa saa moja na umwambie mtoto ni saa ngapi mtakaa.

Tahadhari ya usalama: watoto wadogo hutia maharage puani na masikioni, kwa hiyo wenye umri chini ya miaka 4 wapewe vipande vikubwa vya matambara badala ya punje. Mtoto asiachwe peke yake karibu na beseni la maji hata kwa muda mfupi.

Hatua ya 1: Chagua ngano inayomfaa mtoto

Ngano inayofaa ina mambo matatu: mhusika mdogo au dhaifu, shida kubwa kuliko yeye, na njia ya kutoka inayopatikana kwa akili, subira au msaada wa wengine. Ngano ambamo mhusika huokolewa na muujiza bila yeye kufanya lolote huwafurahisha watoto, lakini kwa lengo letu haina mengi ya kutoa.

Kwa watoto wa miaka 3 hadi 5, tumia ngano za mkufu, zinazorudia maneno yale yale huku jambo moja likiongezwa kila mara. Kisa cha Mwalimu Goso, kinachosimuliwa Unguja na pwani kwa jumla, ni mfano mzuri: kibuyu kinamwangukia mwalimu chini ya mbuyu, na wanafunzi wake wanamtafuta aliyekiangusha. Wanaanza kwa upepo wa kusi, ambao unasema ungekuwa na nguvu usingezuiwa na kiambaza (ukuta wa udongo). Kiambaza nacho kinasema kingekuwa na nguvu kisingetobolewa na panya. Na hivyo hivyo kupitia paka, kamba, kisu, moto na maji, hadi wanapofika kwa paa, aliyekuwa juu ya mbuyu. Mtoto anayeweza kutabiri neno linalofuata huhisi kwamba dunia ina mpangilio, na hisia hiyo ndiyo inayompungukia mtoto aliyehamishwa makazi, aliyefiwa au anayeshuhudia ugomvi nyumbani.

Kwa watoto wa miaka 6 hadi 8, kisa cha Kima na Papa kinafaa mno, na ndicho nitakachokitumia kama mfano katika hatua zifuatazo. Kwa wenye miaka 9 na kuendelea, kiko kisa cha msichana aliyesahau kombe lake zuri (gamba la baharini) juu ya mwamba ufukweni, wenzake wakakataa kurudi naye, akakamatwa na zimwi lililomtia ndani ya ngoma na kumzungusha vijijini akilazimishwa kuimba kila ngoma inapopigwa, hadi wazazi wake walipoitambua sauti yake. Kiko pia kisa cha Sungura na Kobe, ambapo Kobe hushinda mbio kwa kuwapanga ndugu zake njia nzima. Watoto wakubwa watabishana kama huo ulikuwa ushindi wa haki au wizi, na mabishano hayo yana thamani.

Makosa ya kawaida katika hatua hii ni mawili. La kwanza ni kuchagua ngano inayofanana mno na msiba wa mtoto. Mtoto aliyefiwa na mama yake hahitaji kusimuliwa kisa cha yatima katika majuma ya mwanzo. Umbali kati ya maisha yake na maisha ya kima ndio unaompa nafasi ya kufikiri bila kuumia. Ataukaribia msiba wake mwenyewe siku atakayokuwa tayari. La pili ni kutojali nani anasikiliza. Ngano zetu nyingi zina mama wa kambo mkatili, na katika nyumba ambamo mama wa kambo anajitahidi kwa moyo wake wote kumlea mtoto, kisa cha namna hiyo kinaweza kubomoa alichojenga.

Hatua ya 2: Jisimulie kwanza ukiwa peke yako

Usikariri maneno. Shika vituo vitano tu: mhusika ni nani na anaishi wapi, nini kilibadilika, alikwama wapi, alitokaje, na baadaye ikawaje. Jisimulie kwa sauti unapofua au unapotembea. Ukisahau jina la mti au la mji, weka lolote. Mtoto hatajali leo, ila jiandae, kwa maana wiki ijayo atakusahihisha ukilibadilisha.

Hatua ya 3: Fungua mlango wa ngano

"Paukwa!" nao waitikie, "Pakawa!" Au "Hadithi, hadithi!" nao waitikie, "Hadithi njoo!" Tumia kiitikio cha kwenu, na ukitumie kila mara bila kukibadilisha. Hii si pambo. Kiitikio humjulisha mtoto kwamba sasa tunaingia mahali ambapo simba husema na papa hualika wageni, na kwamba tutatoka huko kama tulivyoingia. Mtoto anayejua kwamba mlango upo huthubutu kuingia hata kwenye kisa cha kutisha.

Kama watoto wana wasiwasi au wamechoka, anza na vitendawili viwili au vitatu rahisi. "Nyumba yangu haina mlango." "Kuku wangu katagia mibani." Asiyejua hutoa mji, kisha hupewa jibu, yai au nanasi, na mchezo unaendelea. Hapo hapo mtoto amejifunza kwa njia nyepesi kwamba kutojua kuna bei ndogo na hakumtoi mtu katika mduara.

Hatua ya 4: Simulia, kisha usimame pale mhusika alipokwama

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote.

Kima anaishi juu ya mkuyu uliosimama ukingoni mwa bahari, na nusu ya matawi yake yako juu ya maji. Kila anapokula makuyu, papa huja chini ya mti na kuomba atupiwe, naye humtupia. Urafiki unakua. Siku moja papa anamwalika kima nyumbani kwao ili amlipe wema wake, anambeba mgongoni, na wanapofika katikati ya bahari anamweleza ukweli: sultani wa kwao ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima.

Simama hapo. Usiseme neno. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Ukimya huu huwatisha wasimuliaji wageni, nao hukimbilia kuujaza, uvumilie. Kisha uliza swali moja tu: "Kima afanyeje sasa?"

Mazungumzo huenda hivi:

"Aruke!"

"Aruke aende wapi, mwanangu? Bahari pande zote."

"Aogelee mpaka nyumbani."

"Ni mbali, na papa anaogelea kuliko yeye. Haya, tufikiri tena."

"Alie, amwombe."

"Anaweza kumwomba. Papa atasema nini?"

Angalia jinsi mlezi anavyojibu. Hasemi "hapana" wala "umekosea", na hasifii kila jibu. Analichukua kila jibu, analiweka ndani ya kisa, na kumwachia mtoto aone litafika wapi. Mtoto anajifunza kwamba wazo la kwanza likikwama, la pili linaweza kutafutwa, na kwamba kuna mtu mzima anayetafuta pamoja naye. Zoezi hili likirudiwa mara nyingi, hubaki naye atakapopoteza daftari, atakapotengwa na wenzake, au maji yatakapoingia nyumbani usiku wa mvua.

Si lazima watoto wapate jibu la kima. Wakipata njia nyingine inayowezekana, waambie, "Hiyo nayo ingemfikisha," halafu endelea. Kwa watoto wa miaka 3 na 4, usisimame zaidi ya mara moja katika kisa kimoja. Wakubwa wanaweza kusimamishwa mara mbili.

Tahadhari: usisimame hapo na kusema, "Tutaendelea kesho." Mtoto mwenye wasiwasi hatalala. Kila ngano ifike mwisho wake usiku ule ule.

Hatua ya 5: Itaje hofu kwa jina lake

Kabla ya kumtoa mhusika katika shida, sema alivyojisikia mwilini: "Moyo wa kima ulidunda. Mikono ililoa jasho. Aliogopa sana." Usiruke hapa kwa haraka, wala usimfanye kima shujaa asiye na hofu. Watoto wengi hudhani kwamba wao peke yao ndio wanaoogopa, hasa wavulana walioambiwa mapema kwamba mwanamume haogopi. Wakisikia kwamba kima aliogopa na bado akafikiri, wanapata ruhusa ya kufanya yote mawili.

Unaweza kuuliza, "Wewe ukiogopa, unaisikia hofu wapi?" Atakayeonyesha tumbo, kifua au koo, mkubalie. Asiyetaka kujibu, mwache.

Hatua ya 6: Maliza kisa, na usiulize kinafundisha nini

Kima anamjibu papa kwa utulivu kwamba angalimwambia mapema, kwa kuwa wao kima wakitoka safari huiacha mioyo yao mtini; basi warudi wakauchukue. Papa anarudi. Kima anarukia tawi, na papa akimwita kutoka chini, hashuki tena.

Sehemu hii ya mwisho isipotee. Kima alirudi nyumbani na akajua nani wa kutomwamini mara ya pili. Kwa mtoto, kukataa mwaliko wa mtu aliyemdhuru ni sehemu ya ustahimilivu sawa na kunusurika, na wakati mwingine ndiyo iliyo ngumu zaidi.

Mtoto akiuliza kama kima alifanya vibaya kusema uongo, jibu kwa uzito unaostahili: kima alikuwa karibu kuuawa, na mtu anayetaka kukudhuru hana haki ya kuambiwa siri yako. Kumdanganya mama kuhusu sukari iliyoliwa ni jambo jingine. Watoto wa miaka 6 huielewa tofauti hiyo ikielezwa wazi.

Hatua ya 7: Fanyeni kazi ya mikono inayotokana na kisa

Chagua kazi ambayo inaweza kushindikana mara ya kwanza na kufaulu ya pili au ya tatu. Kazi isiyoweza kushindikana, kama kupaka rangi picha iliyokwisha chorwa, inapumzisha tu.

Baada ya Kima na Papa, tengenezeni chombo cha kumrudisha kima nyumbani. Weka maji kwenye beseni. Mpe mtoto kifuu cha nazi, karatasi, uzi na vijiti, na maharage yawe abiria. Aongeze abiria mmoja mmoja hadi chombo kizame. Chombo cha karatasi kitalowana na kulala upande. Kifuu kitapinduka kikipakiwa upande mmoja. Hapo weka mikono yako mgongoni. Namaanisha hivyo hasa, kwa sababu mtu mzima akiona chombo kinapinduka, mikono yake humtangulia. Sema, "Kimepinduka. Abiria walikaa wapi?" na usubiri. Mtoto atakapohamishia punje katikati na kifuu kikatulia, hatahitaji pongezi ndefu, neno lako liwe la kueleza alichofanya: "Ulipoona kimelala, ukawapanga upya." Sifa ya "wewe una akili sana" haimsaidii siku chombo kitakapokataa kusimama.

Baada ya kisa cha msichana na zimwi, funikeni kopo tupu kwa kitambaa kilichokazwa kwa mpira, iwe ngoma. Tundika kanga kwenye kamba; mtoto mmoja ajifiche nyuma yake na kuimba kwa sauti aliyoigeuza, wengine wamtambue. Mchezo huu unafaa sana kwa mtoto mpya darasani au aliyehamia kwa jamaa, kwa kuwa anasikia jina lake likitajwa na watu waliomtambua kwa sauti tu.

Kazi ya tatu ni ya majuma, nayo ni kupanda mchicha. Kila mtoto awe na kopo au tuta lake. Mbegu ni ndogo mno, hivyo zifunikwe kwa udongo mwembamba na kumwagiliwa kwa kopo lililotobolewa ili maji yasizisombe. Kwa kawaida huota ndani ya wiki moja, na huweza kuvunwa baada ya wiki tatu hadi nne. Ndani ya muda huo kuku watapekua, jua litaunguza, au mtoto atasahau kumwagilia. Mchicha wa mtoto ukifa, usiupande upya kwa siri ili kumwepusha na huzuni. Mwache ahuzunike, kaa naye, kisha muulize kama anataka kupanda tena na safari hii atauzungushia nini. Ukivunwa, upikwe na kuliwa na nyumba nzima, hata kama ni wa kijiko kimoja kwa kila mtu, na itamkwe mezani kwamba mboga hii ni ya fulani. Mtoto aliyewalisha wengine anajua kwamba anahitajika.

Michezo ya zamani nayo ina nafasi yake: ukuti ukuti kwa wadogo, kombolela au kibe na rede kwa wakubwa. Ndani yake mtoto hutolewa, husubiri, kisha huingia tena mchezo ukianza upya. Mtu mzima akicheza naye akatolewa, akatoka bila kununa, watoto huona jinsi ya kushindwa.

Hatua ya 8: Mwachie mtoto kisa

Wiki inayofuata, mtoto asimulie yeye. Msaidie kwa kikaragosi cha soksi kama anaona haya, kwa maana ni rahisi kusema "kima aliogopa" kwa mdomo wa soksi kuliko kwa wako. Atabadilisha mambo. Papa anaweza kupewa jina la mtoto anayemsumbua shuleni, au kima akapata dada. Usisahihishe, na usimdadisi hapo hapo kuhusu jina hilo. Likumbuke, na ufuatilie baadaye kwa utulivu.

Hatua ya 9: Funga mlango

Rudini kutoka katika ngano kwa maneno yale yale kila mara. Wengi wa pwani husema kwamba hadithi imeishia hapo, ikiwa nzuri ni yetu sote, ikiwa mbaya ni ya msimulizi peke yake. Kisha pafuate jambo la kawaida la nyumbani: kukunja mkeka, kunywa maji, kupiga mswaki. Lifanyeni pamoja.

Makosa yanayoharibu kazi yote

Usitumie ngano kama kitisho. Siku utakaposema, "Usipolala zimwi litakuja," umelitoa zimwi ndani ya kisa na kuliweka mlangoni pa chumba, na mtoto hatakuamini tena unapomwambia kwamba tumetoka.

Usimtumie mhusika kumwaibisha mtoto. "Mbona kima hakulia?" ni sentensi inayomgeuza rafiki wa mtoto kuwa hakimu wake.

Usimlazimishe mtoto aliyepatwa na jambo zito aunganishe kisa na maisha yake. Akiunganisha mwenyewe, msikilize bila kushtuka na bila ahadi usizoweza kutimiza.

Mambo yakikwama

*Mtoto hatulii, anazunguka huku na huko.* Fupisha kisa kiwe cha dakika 5, na umpe kazi ndani yake: awe upepo, apige makofi kila papa anapotajwa. Watoto wengi husikiliza vizuri mikono ikiwa na shughuli, kwa hiyo kuchambua mchele au kumenya njugu wakati wa ngano kunaruhusiwa.

*Anataka kisa kile kile kila mara.* Mpe. Kuna jambo ndani yake ambalo bado analifanyia kazi, na atakiacha atakapomaliza.

*Anaogopa baada ya kisa.* Rudieni mwisho, pale mhusika alipofika nyumbani. Mwambie achore zimwi, kisha achore kitu cha kulifungia. Kwa wiki mbili tatu simulia mchana, na uchague kisa chepesi.

*Darasa lina watoto 40 au zaidi.* Simulia kwa wote, lakini swali la "afanyeje?" lijadiliwe wawili wawili kabla ya kusikiliza majibu machache. Kazi ya mikono ifanywe na kundi moja kila siku huku wengine wakicheza nje, badala ya wote kwa siku moja.

*Sijui kusimulia, na bibi yuko mbali.* Soma kwa sauti kutoka kitabuni hadi utakapozoea; hatua ya 4 hufanyika vile vile. Familia zilizoko Maskati, London au kwingineko zinaweza kumwomba bibi arekodi kisa kwa simu katika vipande viwili, cha pili kianzie pale mhusika alipokwama. Sikilizeni cha kwanza, mjadili, mrekodi majibu ya mtoto na kumtumia bibi, kisha msikilize cha pili usiku ule ule.

*Hajibu kitu, anatazama tu.* Endelea kuja. Watoto wengine husikiliza miezi mingi kabla ya kusema. Mpe nafasi za kushiriki zisizohitaji maneno, kama kushika ngoma au kumwagilia.

*Nimefanya haya yote na hali inazidi kuwa mbaya.* Ngano na mchicha vina mipaka. Ikiwa baada ya majuma kadhaa mtoto bado halali, hali chakula, amerudi kukojoa kitandani baada ya kuwa ameacha, anajiumiza, au anarudia katika michezo yake tukio lile lile la ukatili bila kupata njia ya kutoka, hitaji lake limezidi linaloweza kutolewa mkekani. Mpeleke kituo cha afya, na ueleze ulichokiona kwa mpangilio: kilianza lini, hutokea mara ngapi, na nini hukitangulia. Akikuambia kwamba kuna mtu anayemdhuru, mwambie unamwamini na kwamba si kosa lake, usimhoji kwa maswali mengi, na usimkabili mtuhumiwa mbele yake. Namba 116 ni ya simu ya msaada kwa watoto Tanzania, Kenya na Uganda. Tanzania unaweza pia kwenda ofisi ya ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Wakati hayo yanashughulikiwa, usifute siku za ngano. Mtoto azikute pale pale, kwa saa ile ile.